Neno "Vizuri" kwenye Kadi ya Presha

Katika siku tatu za kwanza tangu mama yangu mdogo apate kiharusi na kupooza upande wa kushoto, nilihesabu watu kumi na mmoja walioingia chumbani kwake, Makorora mjini Tanga, wakaketi ukingoni mwa kitanda, wakatikisa vichwa na kuniambia maneno yale yale: presha ilimpanda ghafla. Walisema kwa huruma ya kweli. Wengine walikuja na uji, wengine na ndimu na sukari, na sina haki ya kuwalaumu. Lakini kila lilipotamkwa neno hilo "ghafla" nilihisi moto kifuani, kwa sababu nilipokuwa nikitafuta kanga safi kabatini mwake nilikuwa nimekwisha kukutana na kopo la biskuti lisilokuwa na biskuti.

Ndani yake mlikuwa na pakti za vidonge vya amlodipini, dawa ya presha, nyingine zimepinda, nyingine bado zinang'aa kama zilivyotoka dukani. Nilizipanga juu ya mkeka. Pakti moja ilikuwa imetolewa vidonge vinne kati ya kumi, nyingine viwili, nyingine kimoja tu, na mbili zilikuwa zimepitwa na muda wa matumizi. Chini kabisa ilikuwapo kadi ya kliniki, imekunjwa mara mbili hadi mikunjo yake imelainika kama kitambaa. Ilionyesha mahudhurio matatu na presha yake kila mara: 182/110, kisha 164/98, kisha 132/84. Mbele ya kipimo hicho cha tatu, kwa kalamu nyekundu, aliyekuwa zamu siku ile aliandika neno moja: Vizuri. Kutoka hapo mistari yote ni mitupu, miezi kumi na minne, hadi usiku alioanguka akielekea chooni.

Nilipomwuliza, alinijibu kwa taabu, mdomo ukiwa umevutika upande mmoja: "Si waliniambia imekaa sawa, mwanangu? Nikawa nazimeza kichwa kikinigonga."

Jibu hilo nimelisikia kwa majirani, kwa wazee tunaoswali nao, hata kwa walimu wenzangu wenye shahada zao. Mtu alikuwa na presha, akapewa dawa, akapimwa tena, akaambiwa iko sawa, akaacha dawa. Hakuacha kwa uzembe. Aliacha kwa sababu alielewa, kwa mantiki ya kawaida kabisa ya mtu aliyewahi kuugua malaria na kumaliza dozi, kwamba kipimo kizuri maana yake ni kupona. Na hakuna aliyemwambia vinginevyo kwa maneno ambayo yangeweza kumkaa kichwani.

Lugha yetu wenyewe inachangia. Tunasema presha imepanda, presha imeshuka, kana kwamba ni bahari inayojaa na kupwa, na mtu wa pwani akiona maji yamekupwa anajua anaweza kushuka kutembea mchangani. Wapo wanaojitambulisha kabisa kuwa wao ni wa presha ya kupanda na wengine wa presha ya kushuka, na kila mmoja husema anaijua ya kwake ikija. Ni kweli kwamba presha ya kila binadamu hubadilika kutwa nzima. Ukipanda ngazi, ukigombana na kondakta wa daladala, ukipata habari ya msiba, hupanda, na ukilala hushuka. Hilo nalikubali, ila silo linaloitwa ugonjwa. Ugonjwa ni pale mtu akiwa ametulia, amepimwa kwa utaratibu, tena kwa siku tofauti, namba ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini ikawa 90 au zaidi. Hapo hatuzungumzii tena tukio la jana jioni. Tunazungumzia hali ambayo mtu anaamka nayo, anakwenda nayo sokoni na kulala nayo, miaka nenda miaka rudi, bila kusikia chochote.

Na hali hiyo inafanya kazi muda wote. Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye mishipa pale moyo unapojikamua, na ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Kuta za mishipa zinazobeba nguvu iliyozidi usiku na mchana hukakamaa na kuwa nene. Misuli ya moyo hutanuka kwa kusukuma mzigo usiopungua, vichujio vya figo huchakaa, na vimishipa vyembamba vya ndani ya ubongo hudhoofika, mpaka siku kimoja kinapoziba au kupasuka. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachouma wakati kinaharibika. Kwa hiyo kilichotokea Makorora usiku ule hakikuwa cha ghafla. Kilianza pengine miaka kumi kabla, kikaonekana wazi siku aliposoma 182/110, kikazuiwa kwa miezi michache, kisha kikaachiwa njia.

Ile 132/84 ilikuwa kazi ya dawa, na laiti ningemweleza hivyo mama mdogo siku ile aliporudi kliniki na uso uliochangamka. Amlodipini hulegeza kuta za mishipa ili damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu, na huhitaji kumezwa kila siku kwa muda wa kama wiki moja ndipo kiwango chake mwilini kitulie. Ukiacha, haibaki kukulinda. Inaondoka mwilini kidogo kidogo, na katika siku na wiki zinazofuata presha inarudi ilikotoka, kimya kimya kama ilivyokuja. Kidonge kimoja cha Jumanne kwa kuwa kichwa kinagonga, na kingine baada ya siku ishirini, si matibabu. Kichwa chenyewe si kipimo. Wapo watu wenye 190 wanaotwanga mpunga wakiimba, na wapo wanaoumwa kichwa kila alasiri kwa sababu ya jua na njaa huku presha yao ni 118/76.

Hapa ndipo ninapowageukia wenzetu wa kliniki, kwa heshima lakini bila kuficha. Neno "Vizuri" peke yake ni neno la hatari. Najua foleni ilivyo. Najua muuguzi mmoja anaweza kupima watu sitini kabla ya adhuhuri, na sitaki mtu adhani naandika nikiwa sijawahi kukaa kwenye lile benchi. Lakini kusema "iko vizuri kwa sababu unameza dawa, usiache" ni pumzi moja tu, na ingetosha. Katika kituo ambacho mama mdogo alikuwa akihudhuria, nisichokitaja, hakuna aliyeisema. Wala hakuna aliyeuliza alipotoweka kwa miezi kumi na minne, ingawa namba yake ya simu imeandikwa juu ya kadi.

Hata kupima kwenyewe kunafanywa mbio mbio. Mtu ametoka kutembea juani, anakalishwa kwenye kigoda kisicho na egemeo, mkanda unafungwa juu ya mkono wa gauni, miguu inaning'inia, na mpimaji anamwuliza habari za wajukuu huku mashine ikijaza upepo. Utaratibu unajulikana: pumzika dakika tano, egemeza mgongo, miguu ikanyage chini bila kupishanishwa, mkono ulio wazi ulale mezani usawa wa moyo, kibofu kiwe kitupu, usizungumze, na usipimwe ndani ya nusu saa tangu kunywa kahawa au kuvuta sigara. Kisha pima mara mbili. Namba iliyopatikana ovyo inaweza kumpa dawa asiyezihitaji, au kumnyima anayezihitaji.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wanaopunguziwa dawa baadaye, na wachache huachishwa kabisa. Mtu aliyepunguza uzito sana, akapunguza chumvi, akaacha pombe na kuanza kutembea kila siku, anaweza kufika huko. Lakini anafika kwa uamuzi wa daktari na kwa vipimo vya wiki kadhaa. Hafiki kwa kujiamulia siku pakti ilipoisha.

Na pakti huisha, kwa sababu inanunuliwa. Sitajifanya kwamba bei si kitu. Kidonge kimoja ni pesa ndogo, lakini kinaliwa siku 365, na mwenye genge la nyanya hupanga fedha yake kwa siku na si kwa mwaka. Ndiyo maana kwenye maduka ya dawa utasikia mtu akisema "nipe za siku tano". Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mimi nitaipima kwa jambo moja: kama mama wa genge anaweza kuchukua dawa za presha za miezi miwili mfululizo bila kuingiza mkono mfukoni.

Wanaume wana hofu yao, nayo ni kwamba dawa zitawamalizia nguvu za kiume. Zipo dawa chache za presha zinazoweza kuleta shida hiyo, na ukimweleza daktari anaweza kukubadilishia. Wasichoambiwa ni kwamba presha isiyotibiwa huharibu mishipa ile ile inayohitajika. Vivyo hivyo miguu ikivimba kwa amlodipini, au kikohozi kikavu kikikuandama kwa enalapri, dawa nyingine ya presha, rudi useme. Na dawa za magoti, diklofenaki na ndugu zake, ambazo kila bibi wa mtaani kwetu anazo mkobani, hupandisha presha na kuumiza figo. Mama mdogo alikuwa akizimeza kwa uaminifu kuliko zile za kopo la biskuti, kwa sababu goti huuma na presha haiumi.

Kuhusu choya, kitunguu saumu na mlonge, kunyweni. Choya inaweza hata kupunguza presha kidogo. Ila haichukui nafasi ya kidonge.

Chumvi ni habari nyingine, na nyumbani kwetu ni habari ya ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa ile ya mchuzi, ya mkate, ya viungo vya pakti na ya samaki waliokaushwa. Kipande kimoja cha ng'onda kinaweza kula sehemu kubwa ya kijiko hicho. Kosa tulilofanya ni kumpikia mgonjwa sufuria yake, chakula chapwa akile peke yake pembeni huku sisi tukila kilichokolea, naye akawa anamwomba mjukuu ammegee. Sasa tumepunguza kwenye sufuria ya wote. Wiki ya kwanza vijana walinung'unika. Kufikia ya tatu waliona mchuzi wa mgahawani una chumvi mno.

Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na wilayani Hai na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba, kati ya watu wenye shinikizo la juu la damu, waliojijua hawakufika asilimia 20, waliosema wanatumia dawa walikuwa kama asilimia 10, na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa chini ya 140/90 hawakufika hata asilimia 1. Robo karne imepita na kliniki zimeongezeka. Hata hivyo ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Septemba 2023 ilisema karibu watu wanne kati ya kila watano wenye tatizo hili duniani hawatibiwi ipasavyo. Ninapozisoma namba hizo naliona lile kopo. Mama mdogo alikuwa miongoni mwa wanaojijua. Alikuwa na kadi, alikuwa na dawa, na kwa miezi michache alifikia hata kundi lile dogo la waliodhibitiwa. Alitolewa humo na jambo ambalo lingeweza kuzuiwa kwa sentensi moja.

Nami nina sehemu yangu. Usiku ule alipoanguka, waliokuwa nyumbani waliona mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki, wakasema ni upepo mbaya, wakamkanda kwa mafuta ya nyonyo hadi kulipopambazuka. Mimi nilipigiwa simu saa tano usiku, na badala ya kusema mpelekeni hospitali sasa hivi, nilisema mwacheni apumzike, nitakuja asubuhi. Katika kiharusi saa chache za mwanzo ndizo zenye thamani, na sisi tulizimaliza kwa kukanda. Hilo silisamehi kwangu mwenyewe.

Sasa anameza kidonge chake baada ya sala ya alfajiri, na mjukuu anaweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Anatembea kwa fimbo hadi barazani. Wiki iliyopita nilimpeleka kliniki mwenyewe, kituo kingine. Alikaa kwenye kiti chenye egemeo, tukasubiri dakika tano bila kuzungumza, akapimwa mara mbili: 136/84, kisha 134/82. Muuguzi, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alimwambia "Hongera bibi", akachukua kalamu na kuandika Vizuri. Nilimwomba aongeze maneno mawili. Alinitazama, akamtazama mama mdogo na fimbo yake, kisha akairudia kalamu. Kadi ninayo hapa mezani, na imeandikwa: Vizuri kwa dawa.