Bandari ya Dar haiishii Kurasini

Kaka yangu anaendesha semi. Anapakia Dar, anapanda Kitonga taratibu, analala Makambako, na akikaribia Uyole hunipigia simu nimpelekee chakula barabarani, maana ndani ya jiji letu la Mbeya mahali pa kuegesha gari la urefu ule ni shida. Miaka yote hiyo ya kusubiri kando ya lami na hotipoti mkononi imenifundisha biashara ya bandari, na mimi niko zaidi ya kilomita 800 kutoka baharini.

Mwaka 2023 habari ya bandari ilitufuata hadi hapa. Kesi ya kupinga makubaliano ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari ilisikilizwa Mahakama Kuu Mbeya, na tarehe 10 Agosti majaji wakaitupilia mbali. Oktoba mwaka huo DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, wakasaini mkataba wa miaka 30 wa kuendesha sehemu ya bandari ya Dar. Kwenye daladala na vijiwe vya kahawa watu walibishana mpaka wengine wakanuniana. Mimi nilikuwa upande wa waliotaka masharti yawekwe wazi zaidi, na msimamo huo sijaubadilisha. Ila kuna jambo lililonikera pande zote mbili: mjadala ulianzia gatini na ukaishia gatini, wakati gati ni mwanzo tu wa safari ya mzigo.

Mfanyabiashara wa Lusaka au Lubumbashi anahesabu siku tangu meli itie nanga hadi kontena lifunguliwe uani kwake. Tukimwokolea siku mbili pale Dar, kisha tukazipoteza kwenye foleni ya Mbalizi na ile ya Tunduma, hajapata kitu. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili lori likaguliwe sehemu moja badala ya mbili, na ni jambo jema. Lakini mnyororo huu unaweza kukatikia popote. Safari moja kaka yangu alikwama mpakani siku nne kwa sababu wakala mmoja wa forodha alikosea namba ya kontena kwenye karatasi. Siku nne za kulala ndani ya kabini na kununua maji ya kuoga. Na lori likisimama madeni hayasimami: mkopo wa benki unadai, posho ya dereva inadai, na wenye meli wanatoza kila siku kontena lao linapochelewa kurudi.

Wenye shaba wa Zambia na Kongo nao wana njia nyingine. Kuna bandari ya Durban Afrika Kusini, kuna Beira Msumbiji, kuna Walvis Bay Namibia. Tena Angola, mwaka 2022, ilisaini mkataba wa miaka 30 na kampuni binafsi kuendesha reli ya Lobito, inayotoka Atlantiki hadi mpaka wa Kongo kwa kilomita takribani 1,300, na Marekani na Ulaya zinaiunga mkono. Mzigo ukishazoea njia ile, kuurudisha huku itakuwa kazi kubwa.

Ndiyo maana naamini ushindani wa bandari yetu utaamuliwa na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kuliko winchi yoyote mpya itakayofungwa gatini. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Ilijengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976, na kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa huku kwetu, kati ya Mlimba na Makambako, kwenye mahandaki na madaraja ya bondeni. Upana wake unalingana na reli za Zambia, kwa hiyo behewa linaweza kutoka bandarini hadi mkoa wa shaba bila mzigo kupakuliwa njiani. Reli mpya ya SGR, pamoja na uzuri wake wote, inaelekea Dodoma na Tabora. Haitusaidii sisi wala Zambia.

Mwaka 2025 ulisainiwa mkataba na kampuni ya Kichina wa kuifufua TAZARA kwa dola bilioni 1.4. Nimefurahi, lakini nataka kuona mizigo mizito, salfa, shaba, mbolea, ikihama kweli kutoka barabarani. Hili kwetu si suala la biashara tu. Sisi wa Inyala, Iwambi na Mbalizi tumezika watu waliogongwa na malori yaliyokatika breki kwenye miteremko. Barabara ya njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi naiunga mkono kwa moyo wote, ila hata njia sita hazimzuii dereva aliyechoka na tani 30 mgongoni.

Na kuna upande wa mzigo wa kwenda nje, ambao unaniuma zaidi. Parachichi za Rungwe na Njombe, zilizolimwa na watu ninaowafahamu, nyingi zimekuwa zikisafirishwa kwa barabara hadi Mombasa ndipo zipande meli. Zinaipita bandari ya nchi yao wenyewe! Mnunuzi wa Ulaya anataka tunda lisipate joto hata siku moja, kwa hiyo msafirishaji anakwenda kwenye meli nyingi, ratiba ya kuaminika na makontena ya baridi ya kutosha. Kumhubiria uzalendo hakutamgeuza. Ratiba itamgeuza.

Ombi langu ni hili. Stesheni ya TAZARA Mbeya iko kando ya barabara kuu, na Malawi tangu zamani ina kituo chake cha mizigo hapa mjini. Tujenge hapa bandari kavu yenye vyumba vya baridi, maofisa wa forodha na wakaguzi wa mimea. Parachichi ya Tukuyu ipimwe Mbeya, kontena lipigwe lakiri Mbeya, lipande behewa lenye umeme wa kulipoza njia nzima, na lishuke Dar siku ambayo meli yake ipo.