Deraya za Zama za Kati: nakala iwe sahihi hadi wapi?

Mwezi Julai mwaka 1361, wakulima wa kisiwa cha Gotland walisimama nje ya ukuta wa mji wa Visby kulikabili jeshi la Mfalme Valdemar wa Denmark. Wenyeji wa mji hawakuwafungulia milango. Yaliyofuata yalikuwa mauaji. Jua lilikuwa kali, maiti zilikuwa nyingi, na inaaminika waliozika hawakuweza kuwavua wote walichokuwa wamevaa. Baadhi yao wakaingia makaburini na makoti yao ya chuma.

Makaburi hayo yalichimbuliwa kwa awamu kati ya mwaka 1905 na 1930. Wachimbaji walikuta mabaki ya watu zaidi ya 1,100, na miongoni mwao makoti ya mabamba 25. Mtafiti wa Uswidi, Bengt Thordeman, aliyaeleza bamba kwa bamba, na ribiti kwa ribiti, yaani misumari iliyoshikanisha mabamba hayo. Leo hii fundi wa Ulaya au Marekani anayetaka kutengeneza deraya ya karne ya 14 ana nafasi kubwa ya kuanzia kwenye michoro ya wafu wale wa Visby.

Neno deraya wengi wetu tunalisikia kwenye taarifa za habari, kwa magari ya kijeshi. Waliosoma Biblia wanalijua kama dirii: dirii ya haki kifuani, na chapeo ya wokovu kichwani. Ninalotaka kulizungumzia hapa ni deraya halisi ya mwili, ya pete na mabamba ya chuma, na watu wanaojitahidi kuitengeneza upya ilivyokuwa. Wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema nakala isipokuwa sahihi hadi kwenye chuma chenyewe, ni vazi la maigizo tu. Upande wa pili unasema usahihi wa namna hiyo haufikiki, ni ghali, na kwa kazi nyingi hauhitajiki. Nimewafuatilia wote kwa miaka, na naona kila upande una jambo ambalo mwenzake halitazami vya kutosha.

Tubaki kwanza Visby, maana pale ndipo ugumu wote unapoonekana. Koti la mabamba lilikuwa ngozi au kitambaa kinene, na vipande vya chuma vimepigwa ribiti kwa ndani. Chuma kilidumu ardhini. Ngozi na kitambaa vilioza. Pengo kati ya kichwa cha ribiti na bamba linadokeza unene wa kilichokuwa katikati, na mpangilio wa mabamba juu ya mifupa unaonyesha koti lilivyozunguka mwili. Lakini rangi ya ngozi, mishono yake na kilichovaliwa chini yake, fundi wa leo hana budi kuviamua mwenyewe. Koti la Visby unaloliona kwenye picha limekamilika, basi, ni mabamba ya mwaka 1361 yaliyoshikiliwa na maamuzi ya mtu wa leo.

Kuna jambo zito zaidi. Waliolala pale wengi walikuwa watu wa shamba, na makoti yao mengi yalikuwa yamepitwa na wakati siku ile ile waliyouawa. Tajiri wa vita wa mwaka huo angevaa vingine. Hata hivyo, kwa kuwa makoti hayo ndiyo yaliyotufikia na ndiyo yaliyochorwa vizuri, wapenzi wengi wa historia huyavaa kama sare ya askari wa farasi wa enzi hiyo. Kila bamba liko mahali pake kwa milimita, na bado mavazi ya mkulima masikini yanamwakilisha bwana wake. Huo ni usahihi wa kitu bila usahihi wa mtu aliyekivaa, na kwangu mimi ndiyo hitilafu kubwa kuliko ribiti iliyokosewa.

Wanaodai usahihi mkali wana silaha nzuri ya hoja, na inaanzia kwenye ushahidi. Ngome ya Churburg, kwenye milima ya kaskazini mwa Italia, bado ina deraya za karne ya 14 na 15 ambazo hazikutawanyika kama za kwingine. Katika kanisa la Mtakatifu Maria mjini Warwick, Uingereza, kuna sanamu ya shaba iliyopakwa dhahabu, iliyovikwa deraya ya mtindo wa Kiitaliano, juu ya kaburi la bwana mkubwa wa Kiingereza Richard Beauchamp, aliyefariki mwaka 1439. Mafundi waliitengeneza hata mgongoni, mahali ambapo hakuna mtu angeona kwa kuwa sanamu imelala chali: mikanda, bawaba na vifungo vyote vipo. Kwa mtu anayetaka kujua deraya ya Kiitaliano ilifungwaje kwa nyuma, sanamu ile ni mwalimu. Hata wachoraji waliokosea wanatusaidia. Wale wa karne ya 13 waliomchora Goliathi walimvika deraya ya pete kama ya askari waliowaona mtaani kwao. Kuhusu Wafilisti hawatuambii kitu, ila kuhusu Ufaransa ya siku zao wanatuambia mengi.

Halafu kuna chuma chenyewe. Mhunzi wa Zama za Kati hakununua bati. Chuma chake kilitoka kwenye tanuri la mkaa, kikiwa na mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyushia, ndani yake na kaboni isiyolingana kutoka kona moja hadi nyingine. Mtafiti Alan Williams, aliyechunguza kwa hadubini chuma cha deraya nyingi za makumbusho, ameonyesha tofauti kubwa kati yake: wahunzi bora wa Milano katika karne ya 15 walitumia feleji, chuma kigumu chenye kaboni, na waliweza kuigumisha kwa moto na maji, ilhali deraya nyingi za askari wa kawaida zilikuwa chuma laini. Bamba la kifua nalo halikuwa na unene mmoja. Lilikuwa nene katikati, pengine milimita 2 au zaidi, na jembamba ubavuni, ambako pigo haliji moja kwa moja na kila gramu ni mzigo wa bure. Anayekata bati la kiwandani lenye unene mmoja pote anapata umbo lile lile na mizani tofauti kabisa. Aliyewahi kusimama Kamukunji, Nairobi, akawatazama mafundi wa jua kali wakigonga chuma juu ya chuma, ataelewa haraka kwamba unene huo haupimwi kwa macho. Mkono ndio unaouhisi, na mkono hujifunza kwa kurudia. Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi, na fundi anayefuata njia ya zamani anaufufua kwa namna ambayo picha haiwezi.

Kwa hiyo wana haki ya kudai. Tatizo linaanza wanapodai kwa kila kazi.

Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Graham Askew wa Chuo Kikuu cha Leeds waliwatembeza na kuwakimbiza kwenye mashine watu waliovaa nakala za deraya kamili, wakapima hewa waliyovuta. Kutembea kulihitaji nguvu zaidi ya mara mbili ya kutembea bila mzigo. Sababu kubwa haikuwa uzito peke yake. Ni kwamba kilo 7 hadi 8 zilikuwa miguuni, na kila hatua ilibidi kuzirusha mbele. Ungebeba uzito ule ule mgongoni, ungechoka kidogo kuliko hapo. Kifua kilichobanwa nacho kiliwafanya wavute pumzi fupi fupi. Je, matokeo haya yanabatilika kwa sababu feleji ya nakala ilitoka kiwandani? Hapana. Mguu haujui kama chuma kina mavi ndani au hakina. Unachojua ni uzito na mahali ulipokaa. Swali langu kwa jaribio lile ni hilo hilo la uzito: nakala zilikuwa za kati ya kilo 30 na 50, wakati deraya nyingi za vita za karne ya 15 hukadiriwa kuwa kati ya kilo 20 na 25. Hapo ndipo usahihi ulipokuwa na maana, na hapo ndipo ningependa kuona mabishano zaidi.

Linganisha na jaribio la mishale lililorekodiwa Uingereza mwaka 2019. Mpiga upinde Joe Gibbs alitumia upinde wa kuvutwa kwa nguvu ya ratili 160, karibu kilo 72, kulenga bamba la kifua lililotengenezwa kwa mfano wa deraya za wakati wa vita vya Agincourt kati ya Waingereza na Wafaransa, 1415. Mishale haikulitoboa. Iliteleza, ikavunjika, vipande vikaruka kuelekea shingoni na mikononi. Ni kazi ninayoiheshimu sana, kwa kuwa iliwakutanisha mhunzi, fundi wa mishale, mpiga upinde na mtaalamu wa makumbusho, na kila mmoja alieleza alichokifanya na kwa nini. Lakini hapa chuma ndicho kinachojibu swali. Bamba moja la feleji nzuri linazungumza kwa niaba ya wenye feleji nzuri. Halimzungumzii askari aliyevaa chuma laini chenye nyufa za mavi. Anayetangaza kwamba mishale haikutoboa deraya, bila kusema deraya ya nani, amekwenda mbali kuliko jaribio lenyewe.

Umbo na kipimo cha mwili ni jambo lingine ambalo wapenzi wa chuma hulisahau. Deraya ilishonewa mtu, kama suti. Joan wa Arc, msichana aliyepigana upande wa Ufaransa, alipotengenezewa yake mjini Tours mwaka 1429, kwa pauni 100 za Tours (fedha ya Ufaransa ya siku hizo), ilitengenezwa kwa mwili wake. Mifupa ya Mfalme Richard III ilipopatikana Leicester mwaka 2012 na kuonyesha mgongo uliopinda vibaya, wengi waliuliza angewezaje kupigana. Jibu lilipatikana kwa kumtafuta kijana mwenye mgongo uliopinda vivyo hivyo, kumtengenezea deraya ya kipimo chake na kumpandisha farasi. Aliweza. Nakala sahihi kuliko zote ya chuma, ingekuwa ya kipimo cha mtu mwingine, isingetufundisha hilo. Na chini ya chuma kuna nguo inayobeba kila kitu. Koti la hariri la Charles wa Blois, mtawala wa Kifaransa aliyeuawa vitani Auray mwaka 1364, limehifadhiwa Lyon, Ufaransa. Makwapa yake yalikatwa duara pana ili mkono uinuke bila kuvuta kiuno. Mafundi wengi wanaiga ukataji huo kwa nguo za chini ya deraya, ingawa koti lenyewe ni la fahari na hakuna uhakika lilivaliwa chini ya chuma. Wanafanya vema kuuiga, mradi wakiri kwamba wameuazima.

Kuhusu wanaopigana kwa mchezo sitasema mengi. Mashindano ya timu zinazogongana kwa silaha butu, yaliyopata umaarufu tangu yale ya Khotyn, Ukraine, mwaka 2010, yanahitaji kofia nene kuliko nyingi za kale na vikinga shingo visivyoonekana. Sioni aibu yoyote hapo. Fuvu la mtu aliye hai lina haki kuliko historia.

Nimebakisha hoja isiyosemwa mara nyingi: usahihi wenyewe unaweza kudanganya. Mwaka 1839, Archibald Montgomerie, mwenye cheo cha Earl wa Eglinton, aliandaa mashindano ya mikuki huko Uskoti, na mfanyabiashara wa London, Samuel Pratt, akawapatia washiriki deraya. Mvua iliharibu sherehe, lakini hamu ya deraya haikuzimika. Pratt huyo huyo baadaye alihusishwa na kofia za kughushi zilizouzwa kama za kale. Mjini Munich, karakana ya Ernst Schmidt ilitengeneza nakala nzuri kiasi kwamba baadhi zilipita mikononi mwa wanunuzi zikiitwa halisi. Vipande vya mafundi mbalimbali viliunganishwa vikawa deraya moja, na chuma kilichokuwa cheusi au cha buluu kikasuguliwa hadi king'ae. Hiyo ndiyo deraya inayometameta tuliyoizoea. Kadiri fundi wa leo anavyokaribia chuma cha kale, kwa mkaa wa kale na nyundo ya kale, ndivyo anavyomrahisishia kazi tapeli wa kesho. Anayefikia kiwango hicho na asigonge alama yake na mwaka ndani ya bamba ananitia wasiwasi.

Ndiyo maana, nikilazimika kuchagua, sisimami na upande wowote kati ya hiyo miwili kama ilivyo. Swali linaloulizwa ndilo linaloamua kiwango cha usahihi: mwendo unadai uzito na kipimo, mshale unadai chuma, maonyesho ya shule yanadai umbo na rangi. Ila sharti moja silegezi kwa yeyote, nalo ni fundi kuonyesha wapi ushahidi wake umeishia. Kanisa kuu la Canterbury lilifanya hivyo vizuri. Juu ya kaburi la Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza aitwaye Mwanamfalme Mweusi, aliyefariki mwaka 1376, yalitundikwa kofia yake, glavu za chuma, ngao na koti lake. Vitu hivyo vilipochakaa, nakala zilitengenezwa mwaka 1954 na kutundikwa mahali pake zikiwa na rangi kali za buluu na nyekundu, na vya asili vikahifadhiwa kwenye kabati la kioo. Mgeni anaviona vyote viwili, anajua kipi ni kipi, na anaweza kubishana na waliotengeneza.

Wanaouza makoti ya Visby kwa wapenzi wa historia mara nyingi huandika mwaka tu, 1361. Laiti wangeongeza mstari mmoja: mabamba ni ya kaburini, ngozi ni uamuzi wangu, na aliyelivaa alikuwa mkulima.