Bei ya Jiwe Tunaipigania, Habari ya Jiwe Tunaimeza

Kile kivideo cha mawe ya umeme, yale yanayodaiwa kuwasha taa yenyewe, kimerudi. Mnakikumbuka: kilianza kuzagaa Januari 2023, kikazunguka dunia nzima, watu wanaojua miamba wakaeleza kwamba hakuna jiwe linalozalisha umeme namna ile, kikapoa. Wiki hii kimefufukia katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, safari hii kikiwa na maneno mapya juu yake: mawe yametoka Katanga, huku kwetu Kongo, Wazungu wanayaficha, tuma kwa watu kumi kabla hawajakifuta.

Aliyekituma ni baba yangu mdogo. Mzee huyu ametumika maisha yake yote kwenye umeme wa migodi. Nyaya amezivuta, transfoma amezifungua, na mkono wake wa kushoto una kovu la moto mpaka leo. Alikituma usiku, karitie (mtaa) nzima ikiwa gizani, kwa simu aliyokwenda kuilipia ijazwe moto kwa jirani mwenye jenereta.

Nikamwuliza kwa heshima zote: "Baba mdogo, jiwe lenyewe umelishika?"

Akanijibu: "Mwanangu, si unaliona kwa macho yako?"

Haya, tuone. Mikono miwili, mawe mawili, yakigusana cheche zinaruka. Kwingine kuna kitaa kidogo, waya mbili na jiwe katikati, kitaa kinawaka. Mikono inaishia kwenye kifundo, hatujui nyuma yake kuna nini. Meza haionyeshwi chini. Na mwenye mkono wala hashtuki! Jiwe lina nguvu ya kurusha cheche, lakini kiganja kilicholishika kiko salama kama kimeshika kiazi. Mimi sikusomea umeme. Baba mdogo ndiye aliyeusomea.

Nina mpwa wangu anayeokota mawe, chini ya kitanda chake kuna depo nzima. Nikamwomba malakiti, lile la kijani, na lile la manjano linalong'aa kama shaba iliyosuguliwa, ambalo wenye kujua huliita kalkopiriti. Tukachukua betri mbili za redio, kitaa kimoja chekundu tulichong'oa kwenye mdoli mbovu, na vipande vya waya. Malakiti tukaliweka katikati: kimya. La manjano tukaliweka: kitaa kikawaka. Mtoto akapiga kelele za furaha. Tukatoa betri, kitaa kikazimika palepale. Jiwe lile linapitisha umeme, basi. Uficheni mkono wenye betri, washeni kamera, na ninyi mtatangazwa mmevumbua neema ya Afrika.

Sasa sikieni kinachoniudhi hasa, maana kudanganywa kwenyewe ni jambo la kila siku. Kinachoniudhi ni kwamba sisi watu wa huku shaka tunayo, tena kali kuliko ya mahakimu. Nendeni kwenye depo yoyote wanakonunua madini. Mchimbaji ameshuka na mfuko wake, mnunuzi anasogeza Metorex, mashine ya kupimia madini, inaandika asilimia. Je, mchimbaji anasema "asante, nimeiona kwa macho yangu"? Thubutu! Anasema mashine imechezewa. Anataka ipimwe mara ya pili, na pembe nyingine ya mfuko. Anaficha konzi moja mfukoni, anaipeleka depo ya ng'ambo ya barabara wapime, anarudi na namba nyingine, vita inaanza. Anatazama mizani kama imewekewa mguu. Anauliza unyevu umekatwa kiasi gani kwenye uzito na kwa nini. Hakuna aliyemfundisha haya darasani. Amejifunza kwa kuibiwa, na sasa hata malaika akishuka na mashine ya kupimia atamwambia apime tena.

Mtu huyohuyo, jioni, akiwa na sahani yake ya bukari, yaani ugali, anatumiwa kivideo cha nusu dakika kisicho na jina la aliyekipiga, la mahali, wala la siku, na anaamini mpaka anatetemeka. Mashine ya depo, inayoweza kupimwa upya, haiamini. Mkono usio na uso anauamini. Kwa nini? Kwa sababu ile ya depo inampunguzia na hii inampandisha. Habari ikitupunguzia tunataka ushahidi, mihuri na mashahidi watatu. Ikitusifu, mlango uko wazi, hata kubisha hodi haibishi.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mama aliyeletewa "jiwe lenyewe" na kijana mmoja, limefungwa kitambaa cheusi, dola 200. Eti halifunguliwi mchana, nguvu itatoka. Mama yule ni mfanyabiashara wa soko, humwuzii nyanya mbovu. Alibishana na kijana mpaka wakafika 120. Akashindwa tu kwa sababu makuta, yaani pesa, hayakutimia. Nilipomwuliza kama alimwambia kijana aliwashe, akanitazama kama nimemtukana: "Sasa nitalijuaje kabla sijalinunua?" Tazameni hapo. Bei aliipigania kama simba, jiwe lenyewe hakuligusa.

Najua mtakachoniambia, na nitakubali nusu yake shingo upande. Nchi hii imetoa mawe ambayo ukisimuliwa huwezi kuamini. Uraniamu ya Shinkolobwe, hapa karibu na Likasi, ilitumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945, na wazee wetu waliobeba lile jiwe hakuna aliyewaambia wamebeba nini. Kobalti inayochimbwa duniani, takriban asilimia 70 inatoka kwetu, inakwenda kwenye betri za watu ambao Kolwezi hawaijui hata kwenye ramani. Kwa hiyo mtu akisema "wametuficha", hasemi upuuzi mtupu, tulishafichwa. Lakini kufichwa mara moja hakugeuzi kila uvumi kuwa siri iliyovuja. Na hiyo kobalti yenyewe, nawaomba, haizalishi umeme. Betri unaijaza kwanza, ndipo ikutumikie. Baba mdogo anajua. Ndiyo maana alikwenda kwa jirani na chaja.

Luhihi nayo, kule Kabare, Kivu Kusini, Machi 2021: watu walichimba udongo wenye dhahabu kweli, hadi serikali ya mkoa ikasimamisha uchimbaji, lakini habari ilipotufikia huku ilikuwa imeshakuwa mlima mzima wa dhahabu tupu. Ya manabii wanaouza mafuta ya kupata visa sigusi leo, nina mama mkwe.

Wengine wanasema niwaache watu wafurahi, kivideo hakimuumizi mtu. Kinaumiza, tena hapo ndipo ninapokosa ucheshi. Umeme wetu wa kweli una mahali unapotoka, na panajulikana. Maporomoko ya Mwadingusha, kwenye mto Lufira, yanazalisha umeme tangu 1930, na yalifungwa mitambo kwa ajili ya shaba. Kutoka Inga, kwenye mabwawa ya mto Kongo, kuna laini ya umeme ya kilomita 1,700 hivi mpaka Kolwezi, iliyojengwa ili kulisha migodi, na inapita juu ya vijiji ambavyo usiku vinawasha kibatari. Haya hayajafichwa na mtu. Nguzo zinaonekana, ni ndefu kuliko miembe. Ungetaka kuuliza, una pa kuanzia: megawati ngapi zinaingia, nani anakunywa kwanza, karitie ipi inakatwa na kwa orodha ya nani, makuta ya matengenezo yalikwenda wapi. Ni maswali yaleyale ya depo: pima tena, nionyeshe mizani.

Lakini anayeamini kwamba umeme umelala chini ya mguu wake, umefunikwa na Mzungu, hana haja ya kumwuliza mtu yeyote aliye karibu. Mwizi wake yuko mbali na hana jina. Wenye orodha ya delestaji, ya kukata umeme kwa zamu, wanalala usingizi mzuri. Mimi ningekuwa wao, kivideo hicho ningekituma mwenyewe kila mwezi.

Kwenye kundi la ukoo wameshaniita "profesa", na si kwa kunisifu. Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, ameandika kwamba nimesoma sana mpaka nimeacha kuipenda nchi. Sawa. Basi wenye mawe walete. Jumamosi niko nyumbani, mlango wazi, soda nitanunua mimi. Jiwe litakaa peke yake mezani, bila mkono wa mtu, bila kitambaa. Waya na kitaa nitatoa mimi, baba mdogo atafunga mwenyewe kwa vidole vyake vinavyoijua kazi, na mpwa wangu atatazama chini ya meza. Kikiwaka mpaka asubuhi, dola 200 ninatoa, na sitaomba kupunguziwa hata moja.