Florence na mtoto wa miaka miwili: safari ni ya nani?

Wazazi wa kwetu wanaoishi Ulaya, na wale wanaotoka Nairobi au Dar es Salaam kwenda kuwatembelea ndugu huko, hawajawahi kukubaliana juu ya jambo hili: mtoto anayevaa nepi apelekwe kuona miji ya kale, au angoje mpaka ajue kuuliza maswali? Florence, Italia, inafaa kupimia hoja za pande zote. Hazina zake zimebanana katika eneo dogo la kutembea kwa miguu, ila baadhi yake ziko juu ya vidato vingi na nyuma ya foleni ndefu.

Wanaosema angoje hawasemi ovyo. Mtu mzima kwa kawaida hakumbuki chochote cha kabla ya miaka mitatu hivi, kwa hiyo kumwonyesha mtoto picha za Botticelli, mchoraji wa kale wa mji huo, ili "ajifunze mapema" ni kujidanganya. Kisha kuna ratiba. Tiketi ya Uffizi, jumba la makumbusho lenye picha hizo, unaweza kuinunua mapema kwa saa maalumu, lakini usingizi wa mchana wa mtoto haukatiwi tiketi. Mji nao una vikwazo vyake: kuba la kanisa kuu, alilolijenga msanifu Brunelleschi kati ya 1420 na 1436, lina vidato 463, halina lifti, na njia ni nyembamba. Hapo sibishani na mtu. Mtoto abaki chini na mzazi mmoja. Na mgeni aliyetoka mbali kuja kuitazama picha moja kwa utulivu ana haki yake pia.

Upande wa pili huanza na pesa. Makumbusho ya serikali Italia hayamtozi aliye chini ya miaka 18. Viza ya Schengen, ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya ikiwamo Italia, ambayo mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania huilipia euro 90 akiwa mtu mzima, haina ada kwa mtoto wa chini ya miaka sita. Mashirika mengi ya ndege humruhusu mtoto wa chini ya miaka miwili apakatwe na mzazi kwa sehemu ndogo tu ya nauli. Anayesubiri mtoto akue, anasubiri na gharama zikue. Hoja hii ni ya kweli, lakini mimi hainitoshi: mtoto kaingia bure, sawa, na wewe uliyelipa tiketi kamili ukaona theluthi ya vyumba huku ukimfukuzia, umeokoa nini?

Ninachokiona ni kwamba pande zote mbili zinadhani Florence iko ndani ya majengo. Nenda Piazza della Signoria. Pale pana Loggia dei Lanzi, baraza kubwa yenye matao, isiyo na tiketi. Perseus wa Cellini, sanamu ya shujaa wa hadithi za Kigiriki aliyeinua kichwa cha zimwi Medusa, yuko hapo tangu 1554. Mtoto huenda asimjali, maana kando ya ngazi kuna simba wawili wa marumaru, na simba anamjua. Nakala ya sanamu ya Daudi ya Michelangelo iko uwanja huohuo tangu 1910; yule wa asili aliondolewa nje mwaka 1873 na sasa yuko Accademia, jumba jingine la makumbusho. Nakala ni nakala, wapenzi wa sanaa watalalamika, na wana haki. Basi wazazi wapokezane: mmoja aingie Accademia, mwingine ampeleke mtoto kwa Porcellino, nguruwe-mwitu wa shaba wa Mercato Nuovo, ambaye pua yake inang'aa kwa kushikwashikwa. Ni nadra kupata sanamu ambayo kila mtu anatazamiwa kuigusa.

Kigari cha mtoto kiacheni hotelini. Mawe ya barabara zile huyatesa magurudumu, na vijia vya kando kwingine havitoshi watu wawili kupishana. Mbeleko haina taabu hiyo.

Na kama ni jengo moja tu la kuingia, ningechagua Ospedale degli Innocenti kabla ya Uffizi. Brunelleschi alianza kulijenga mwaka 1419 liwe makao ya watoto waliotelekezwa, na mtoto wa kwanza alipokewa 1445. Nje, juu ya nguzo, kuna vichanga vya udongo wa kuchoma vya Andrea della Robbia, vimefungwa vitambaa, vyeupe juu ya buluu. Mtoto atavinyooshea kidole bila kufundishwa. Ndani zimehifadhiwa sarafu na medali zilizokatwa nusu, ambazo wazazi waliwaachia watoto wao ili siku moja waweze kutambuana. Hilo si la mtoto hata kidogo, ni la anayembeba.

Uffizi ikibidi, hufungwa Jumatatu. Siku nyingine ingieni milango inapofunguliwa, saa 2 na robo asubuhi, nendeni moja kwa moja vyumba vya Botticelli, na mtoto akianza kulia tokeni nje, hata kama bado chumba kimoja.