Ng'ombe Alifika Salama

Kwa kuwa mwenzangu mmoja wa kitengo cha usanifu ameshasambaza masimulizi yake katika makundi ya WhatsApp yasiyopungua matatu, na katika masimulizi hayo mimi nimemtukana mama mkwe wa mkurugenzi kwa makusudi, ninalazimika kueleza mambo yalivyokuwa jana, kabla hata harufu ya pilau haijatoka kwenye shati langu. Sikumtukana kwa makusudi. Nilimtukana kwa utaratibu, mbele ya mashahidi 14, katika shughuli niliyoiandaa mwenyewe.

Mnakijua kilio changu cha siku zote: mjaribu programu ni kama mwonja chumvi anayeitwa sufuria ikiwa imeshaepuliwa, na akisema chumvi imezidi huonekana anamwonea wivu mpishi. Ndiyo maana niliomba alasiri moja ambayo ofisi nzima, kuanzia wahandisi hadi dereva, ingekaa pamoja kuijaribu programu yetu ya vyama vya akiba na mikopo kabla toleo jipya halijawafikia wateja. Niliwapanga wawili wawili, mmoja ashike kipanya na mwenzake atazame na kuandika, kwa sababu anayebonyeza mara nyingi haoni anachokibonyeza; nikaagiza pilau, nikatangaza zawadi ya kreti ya soda kwa jozi itakayofichua hitilafu nyingi kuliko zote. Kisha nikatoa hotuba. Nilisimulia habari za yule mdudu nondo aliyekutwa ndani ya kompyuta ya Harvard mwaka 1947, akabandikwa kwa utepe kwenye daftari la kumbukumbu (maana kwa Kiingereza hitilafu ya programu huitwa "bug", yaani mdudu), na nikamalizia kwa maneno ambayo tayari yamechapishwa na kubandikwa kwenye mlango wa choo cha ofisi: "Vunjeni chochote mnachotaka, humu hamna mtu wa kweli."

Shughuli ilinoga. Mhasibu, niliyemkalisha na mhandisi aliyeuandika ukurasa wa marejesho, alimuuliza kwa upole ni kwa nini riba ya Februari inakokotolewa kwa siku 30, na baada ya dakika chache za kukwaruzana walimaliza jambo ambalo kwa kuandikiana lingetuchukua wiki nzima. Mhudumu wa mapokezi alijiandikisha kuwa amezaliwa tarehe 29 Februari 2003, siku ambayo haikuwahi kuwapo, na mfumo ukamkaribisha kwa furaha. Lakini nyota wa siku alikuwa dereva wetu, ambaye aliuliza swali ambalo mimi na vyeti vyangu hatukuwahi kuliuliza: kwao Shinyanga majina yenye ng' ni mengi, je, ile alama ya juu haitaukata ujumbe? Lilikuwa swali la dhahabu, kwa maana ritifaa hiyo hiyo hutumika kufungia maneno katika lugha ya hifadhidata, na programu isiyojihadhari hudhani kwamba jina limeishia hapo. Akachagua mwanachama mmoja kwenye orodha, akafuta jina lake, akaandika Ng'ombe Mkaidi, akaidhinisha mkopo wa shilingi 999,999,999, akabonyeza "Tuma". Nilimpigia makofi. Ndugu zangu mnaonifuata, naomba mzingatie hilo: nilipiga makofi.

Sasa twende polepole. Mkurugenzi amesimama karibu na projekta, sahani iko mkono wa kushoto, vidole vya kulia vimelowa mafuta. Simu yake iliyo mezani inaita. Anaitazama, anaona ni mama mkwe wake kutoka Tanga, na kwa kuwa mkwe hapuuzwi na vidole vina mafuta, anabonyeza spika kwa kifundo cha kidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Kimya kidogo. "Baba, hivi mimi nimekukosea nini?"

Mkurugenzi anaacha kutafuna.

"Maana nimeletewa ujumbe na hiyo ofisi yako, unasema... ngoja nivae miwani."

Ofisi nzima inasubiri miwani ivaliwe. Katika muda huo ninakumbuka mambo mawili. La kwanza, hifadhidata ya majaribio niliinakili kutoka ile ya wateja, na kazi ya kubadilisha namba zao za simu niliitia alama ya kukamilika kwa sababu nilikuwa na nia njema ya kuikamilisha. La pili, wiki iliyopita niliomba njia ya ujumbe mfupi iwashwe, ili nijitumie ujumbe mmoja tu.

"Unasema: Ndugu Ng'ombe Mkaidi, mkopo wako wa shilingi tisa, tisa, tisa..." Alizisoma zote, moja baada ya nyingine, na zilikuwa tisa.

Ni katika ukimya huo ambapo dereva wetu aliruka kutoka kitini na kupaza sauti: "Ng'ombe amefika mzima! Hakukatwa!" Na alisema kweli, hicho ndicho kitu pekee kilichofanya kazi sawasawa siku nzima.

"La ng'ombe nitalizungumza na mwanangu," mama akasema. "Hili la mkopo, niende na kitambulisho cha taifa au cha kura? Bodaboda ananisubiri nje."

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Njia ya ujumbe ilizimwa, namba zikabadilishwa, nami nikawapigia simu wanachama 43 kuwaomba radhi, ambapo wawili waliomba wapewe angalau nusu. Mkurugenzi ameondoka alfajiri ya leo kwenda Tanga na doti mbili za khanga. Kreti ya soda imechukuliwa na dereva, ingawa mhasibu amekata rufaa akidai kwamba hitilafu kubwa kuliko zote iliripotiwa na mtu ambaye hakuwamo chumbani. Hoja yake nimeikubali: hitilafu hiyo nimeiandikisha kuwa namba 38, kiwango cha dharura, na penye jina la aliyeripoti nimeandika Mama Mkwe. Mfumo umenitaka niweke na namba yake ya simu, ili atumiwe ujumbe wa maendeleo. Nafasi hiyo nimeiacha wazi.