Nipe Iliyo Kali

"Dokta, hii mwili wake ulishaizoea. Nipe iliyo kali."

Ukikaa kwenye dirisha la dawa, sentensi hiyo utaisikia mpaka uiote. Juzi kaisema mama mmoja aliyekuja na binti yake wa miaka sita, homa juu, mafindofindo yamevimba na yana madoa ya usaha. Cheti kiliandikwa amoksilini. Mama alikitazama kama askari aliyepangiwa kwenda vitani akakabidhiwa fimbo.

Mama simlaumu. Ugomvi wangu ni na lile neno, "kali". Kisu kikali kinajulikana kwa kukata, jua kali kwa kuchoma. Dawa kali ni ipi hasa? Nikiwasikiliza wateja, ni ile ya sindano, au ya bei, au ya jina refu, au iliyotoka juzi. Bakteria hana habari na hata moja kati ya hayo.

Tuanze na hilo la kuzoea. Mwili hauzoei antibayotiki. Anayezoea ni bakteria: wale wachache wanaonusurika huzaana, na wengine hupeana vipande vya jeni za usugu wakiwa hai, kama majirani wanaoazimana nyundo. Na mara nyingi mtu anayelalamika kwamba dawa "imezoeleka" alikuwa na mafua. Alimeza vidonge dhidi ya virusi, virusi vikaendelea na ratiba yao, lawama ikaangukia amoksilini.

Hata koo linalouma, mara nyingi ni virusi. Ukiona homa, hakuna kikohozi, tezi za mbele ya shingo zimevimba na zinauma zikiguswa, na mafindofindo yana usaha kama ya yule binti, hapo ndipo unapomshuku Streptococcus pyogenes. Bakteria huyu ana ajabu moja ambayo mpaka leo hunifanya nitikise kichwa. Penisilini, ambayo amoksilini ni ya ukoo wake, imetumika tangu miaka ya 1940, na bado hajathibitika kuwa sugu kwake ndani ya mgonjwa. Wenzake wengi walishajifunza kuikwepa zamani. Yeye hajafaulu. Azithromaisini, ambayo watu huiita kali kwa sababu ni siku tatu tu na umemaliza, ameshaanza kuishinda katika nchi nyingi. Kwa hiyo ningemkubalia mama, ningekuwa nimemwondoa mtoto kwenye dawa isiyomkosa mdudu huyu na kumpeleka kwenye ya kubahatisha.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni nitrofurantoini. Ni dawa ya tangu miaka ya 1950, na ukiipima kwa damu, utasema ni dhaifu kupindukia: ukishaimeza, kiasi kinachobaki kwenye damu ni kidogo mno kuweza kutibu kitu. Figo huikusanya na kuimwaga kwenye mkojo, na huko kwenye kibofu inakuwa nyingi ajabu, inamshambulia bakteria sehemu kadhaa kwa mpigo, ndiyo maana usugu dhidi yake umekuja polepole. Mwanamke mwenye UTI ya kibofu, anayechomwa akikojoa na kwenda chooni kila baada ya dakika kumi, siku 5 za dawa hii kwa kawaida zinamtosha. (Mwambie mapema kwamba mkojo unaweza kugeuka kahawia. Usipomwambia atarudi mbio usiku huohuo akidhani figo zimeoza.)

Sasa mwanamke huyohuyo, bakteria yuleyule, tuseme E. coli, aje na homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ubavuni chini ya mbavu. Maambukizi yamepanda kwenye figo. Nitrofurantoini haifai tena, maana kwenye nyama ya figo haifiki kwa kiasi cha kutibu. Mdudu hakubadilika, alihama tu sentimita kadhaa kwenda juu, na uchaguzi wote ukapinduka. Ndiyo maana daktari mzuri anauliza inauma wapi kabla hajagusa kalamu.

Na nisieleweke kwamba ninahubiri dawa za zamani. Amoksilini peke yake kwa UTI ni kamari mbaya sehemu nyingi za dunia, kwa sababu E. coli alishaijua siku nyingi. Siprofloksasini iliwahi kutibu kisonono kwa kidonge kimoja, leo sehemu nyingi haitegemewi tena, na mgonjwa anachomwa seftriaksoni. Dawa inayotawala kooni inaweza kuwa maji matupu kwenye kibofu.

Kuna na wale wanaokuja na karatasi ya maabara: "Dokta, mkojo wangu una bakteria." Unaumwa? Siumwi. Unachomwa? Hapana, nilipima tu. Kama si mjamzito na hasubiri upasuaji wa njia ya mkojo, kwa kawaida huyo haihitaji antibayotiki ya aina yoyote. Ni mazungumzo magumu kuliko yote ninayofanya kazini. Karatasi ina alama za kujumlisha, na mtu hakubali alama za kujumlisha ziachwe hivihivi.

Kwenye mapafu, nimonia isiyo kali kwa mtu aliyekuwa mzima bado hutibiwa vizuri na amoksilini ya kumeza. Mtu anayehema mara 30 au zaidi kwa dakika, au aliyeanza kuchanganyikiwa, huyo ni wa kulazwa, asibishane na mimi dirishani. Kuna pia Mycoplasma, anayeleta nimonia ya kikohozi kisichoisha, na yeye hana ukuta wa seli. Penisilini na ndugu zake huua kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta huo. Kumpa mgonjwa wa Mycoplasma penisilini ni kwenda kubomoa ukuta wa mtu anayelala uwanjani. Hapo hutafutwa doksisaiklini au azithromaisini. Siprofloksasini, kipenzi cha wanaotaka "kali", ni dhaifu mbele ya pneumokoka, yule bakteria anayeongoza kwa kuleta nimonia. Na ukali wake upo kweli, ila unaweza kukuangukia wewe: tangu 2008 Marekani imetaka maelezo yake yabebe onyo zito kuhusu kuchanika kwa kano, hasa ile ya kisigino.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mteja mjinga. Nikiwa mwanafunzi nilipata jipu pajani, kubwa kama yai. Nilimeza kloksasilini siku nne, na kwa kuwa nilijiona mtaalamu, nikaongeza na metronidazoli juu yake. Jipu likaendelea kunenepa. Siku ya tano muuguzi mmoja mtu mzima alilibonyeza kwa vidole viwili, likacheza, akanitazama kwa huruma na kusema, "Mwanangu, hili linataka kisu." Ganzi, mkato wa kama sentimita mbili, usaha ukajaa bakuli dogo la chuma, akapachika shashi ndani. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeuonja wiki nzima. Dawa husafiri kwa damu, na katikati ya usaha damu haipiti. Wekundu ungekuwa unasambaa kwenye ngozi, au ningekuwa na homa, vidonge vingekuwa na kazi yake. Jipu lililoiva lenyewe lilihitaji kutobolewa tu.

Kitu kingine kinachonikera ni mzio wa penisilini, au tuseme jina la mzio wa penisilini. Marekani, karibu mtu 1 kati ya 10 ameandikiwa kwamba ana mzio huo, na wanapopimwa vizuri, zaidi ya asilimia 90 yao wanaivumilia bila tatizo. Mwingine tumbo lilimsokota tu. Mwingine akiwa kijana alipata homa ya tezi, ile inayoletwa na virusi vya Epstein-Barr, akapewa amoksilini bure, mwili ukatoka vipele kwa sababu ya mkutano wa virusi na dawa, na tangu siku hiyo faili lake likabeba wino mwekundu. Miaka 40 baadaye anapata maambukizi ambayo penisilini ingeyamaliza, na anapewa dawa pana zaidi, inayopiga bakteria wa aina nyingi kwa pamoja, yenye madhara zaidi. Wapo wenye mzio wa kweli, wanaovimba midomo na kubanwa pumzi ndani ya saa moja, na hao hakuna mzaha. Ndiyo maana siridhiki na faili linalosema "mzio" halafu kimya. Nataka kujua nini kilitokea, baada ya muda gani, na ilikuwa mwaka gani.

Shirika la Afya Duniani lilipozigawa antibayotiki mwaka 2017 katika makundi matatu, za kutangulia, za kuangaliwa kwa makini na za akiba, nilifurahi. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 walikadiriwa kufa moja kwa moja kwa sababu ya usugu, na mwaka 2024 nchi zilikubaliana kwenye Umoja wa Mataifa kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki wanazopewa watu zitoke kundi la kwanza. Lengo zuri. Kasoro ninayoiona ni ya kibinadamu: mwambie mgonjwa kuna dawa za akiba, naye atataka za akiba. Anasikia kwamba kuna kabati la ndani ambalo mimi nimelifungia wakubwa.

Kwa yule mama sikutumia hotuba hii. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimwambia tu kwamba mdudu anayeshukiwa kwenye koo la binti yake hajawahi kuizoea hii, hata siku moja, na kwamba kazi iko kwenye saa: dawa hii huua kadiri inavyobaki ya kutosha mwilini, ikipungua katikati mdudu anapumua. Nikagonga chupa kiganjani unga uachie, nikatia maji yaliyochemshwa yakapoa, nikatikisa, nikaongeza mpaka kwenye mstari, nikatikisa tena. Nikamwonyesha kwenye bomba la kupimia pa kuishia, si kijiko cha nyumbani. Kwenye lebo nikaandika: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Na kwamba ikifika siku ya tatu homa bado ipo, au mtoto akishindwa kumeza mate, arudi kwa daktari.

Binti alikuwa amesimama kwa vidole, kidevu kwenye ukingo wa dirisha, anaifuata chupa kwa macho.

"Ni kali?" akaniuliza.

"Hapana. Tamu."

Mama akacheka, akaipokea.