Kabla hujasema yoga haikufai, uliza ni yoga gani

Kila mara nasikia mtu anasema "mi yoga nilijaribu, sio yangu", ukimuuliza yoga ya aina gani anakushangaa, kwani si yoga tu? Hapana jamani. Zipo za aina nyingi, na inaniuma sana mtu akiacha baada ya darasa moja wakati ambayo ingemsaidia mgongo wake hajawahi hata kuiona.

Angalieni Krishnamacharya, mwalimu wa India aliyekuwa anafundisha kwenye kasri la Mysore miaka ya 1930. Pattabhi Jois na B.K.S. Iyengar wote walipita mikononi mwake, lakini walichokuja kufundisha huwezi kuamini kimetoka kwa mtu mmoja. Ashtanga ya Jois ni mwendo, mapozi yanafuatana kwa mpangilio uleule kila siku, pumzi ndo inakwambia sasa hama, na jasho linakutoka kwelikweli. Iyengar utotoni aliugua sana, malaria, taifodi, kifua kikuu, na mi naamini ndo maana yoga yake inaufikiria mwili usiokunjika. Mkono haufiki sakafuni? Unawekewa tofali la mbao chini ya kiganja, mguu unauvuta kwa mkanda, mgongo unaulaza juu ya blanketi lililokunjwa, halafu unatulia hapo muda mrefu mwalimu anakurekebisha mpaka vidole vya miguu.

Halafu kuna Bikram, mapozi 26 kwa dakika 90 kwenye chumba chenye joto la nyuzi 40 hivi, watu wanaipenda sana ila kama una presha au mjamzito mi siwezi kukwambia uanzie huko. Yin nayo ni kinyume kabisa, pozi moja unalikalia dakika 3 mpaka 5, umelegea tu.

Kwa hiyo shangazi mwenye magoti mabovu mi ningempeleka Iyengar bila kufikiria mara mbili, kijana asiyetulia aende Ashtanga, na anayekimbia kila asubuhi ajaribu Yin maana nyonga zake zimekaza.

Na nyie walimu, tangazo linaandikwa "Yoga, wote mnakaribishwa", bei na saa basi, sasa mgeni atajuaje? Andikeni mtindo, andikeni kama mikanda na matofali yapo, na kama chumba kina joto andikeni nyuzi ngapi kabla mtu hajalipa hela yake.